Loop Hero: shujaa anapigana mwenyewe, sasa nani anamuua mzunguko wa saba?

#1 Mchanga_Karata

Wakuu, habari za leo.

Kila Loop Hero inapotajwa humu, hazipiti posti tatu kabla mtu hajasema "hiyo gemu inajicheza yenyewe, bahati ikikukataa umekwisha." Leo tulibishanie hilo sawasawa, kwa sababu naamini ni kosa. Shujaa akifa mzunguko wa 7, kilichomuua ni karata zilizowekwa mzunguko wa 2 na wa 3.

Kwa wageni: shujaa anazunguka njia iliyojifunga kama kitanzi, anapigana bila kuguswa. Mchezaji ana kazi mbili tu, kuweka karata kwenye ramani na kumvisha shujaa zana. Karata zinaangushwa na maadui, zikitoka kwenye fungu ulilolipanga kabla ya kuondoka kambini. Utamu wote uko kwenye saa mbili zinazokimbizana. Ya kwanza ni kipimo cha bosi, kinachojaa kila unapoweka karata. Ya pili ni mzunguko wenyewe: kila shujaa anapoupita moto wa kambi, maadui wanapanda nguvu. Ukimwaga karata haraka, bosi anakukuta huna zana. Ukizibana mkononi, maadui wa kawaida wanakua hadi wanakushinda hata kabla bosi hajaonekana.

Majina ya karata nayaacha kama yalivyo kwenye skrini pale ambapo Kiswahili kitawapoteza.

Swali langu: karata nyingi mno, zana mbovu, au kuchelewa kurudi kambini? Kipi hasa kinaua? Leteni namba.

#2 Kitasa

Bahati, mkuu. Ukinyimwa Oblivion, ile karata ya kufuta kigae kwenye ramani, na ukaletewa mapanga ya kijivu mizunguko mitano mfululizo, hakuna hesabu itakayokuokoa.

#3 Bi_Mkubwa_wa_Gemu

Kitasa mwanangu, hayo mapanga ya kijivu unayodharau ndiyo yangekuokoa. Rangi ya zana haisemi ukali wa zana. Rangi inasema idadi ya sifa za ziada: kijivu haina, buluu ina moja, njano mbili, chungwa tatu. Thamani ya msingi, yaani uharibifu wa panga au uhai wa deraya, inafuata mzunguko zana ilipopatikana. Panga la kijivu la mzunguko wa 6 linaweza kuwa na pigo zito kuliko la chungwa la mzunguko wa 2.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kung'ang'ania chungwa moja kwa sababu limeandikwa "kunyonya uhai" na "kukwepa", huku namba ya msingi imeshapitwa. Kunyonya uhai ni asilimia ya uharibifu unaotoa. Asilimia kubwa ya pigo dogo ni damu kidogo. Badilisha panga kwanza, ndipo hiyo asilimia ipate kitu cha kula.

#4 Jabali

Nakubaliana na mtoa mada na ninaweka namba.

Karata ya Spider Cocoon inatoa buibui 1 kila siku ya gemu. Grove inatoa mbwamwitu-panya 1 kila siku 2. Cemetery, makaburi, inatoa kiunzi cha mifupa 1 kila siku 3. Kwa siku 6, hiyo ni 6, 3 na 2. Mtu anaweka Cocoon tatu mzunguko wa kwanza kwa sababu buibui wa mwanzo ni wepesi na anataka zana haraka. Siku 6 zikipita ana buibui 18 waliozaliwa. Mzunguko wa 2 ni karamu. Mzunguko wa 7 ni wale wale 18, ila kila mmoja amekua.

Tena kigae kimoja (mraba mmoja wa ramani) hakibebi maadui zaidi ya wanne, kwa hiyo wengi wanadhani tatizo litajizuia lenyewe. Halijizuii. Wanne kwa pamoja ni hatari kuliko mmoja mmoja mara nne, kwa sababu wote wanakupiga wakati wewe unapiga mmoja. Ukihitaji muda fulani kumuua mmoja, yule wa nne anakupiga muda huo mara nne.

#5 Kitasa

@Jabali hilo la wanne sikulifikiria hivyo. Bado nasema Oblivion ni bahati.

#6 Fundi_Simu

Kwa wanaocheza kwenye simu (toleo la Android na iOS lilitoka Aprili 30, 2024, limetengenezwa na Playdigious): vifo vingi vya mwanzo ni vya kidole, wala si vya karata. Kigae ni kidogo, kidole kinakifunika, mlima unaangukia pembeni ya ulipotaka na mpangilio wako umeharibika. Msimamishe shujaa kwanza, ndipo uburute karata. Usiweke akiwa anatembea. Hilo moja linaokoa misafara.

#7 Mtalii254

Wadau, mimi naona mnabishana juu ya kitu kisichostahili jina lake. Gemu ya 2020 inaitwa ya kujenga fungu la karata wakati hakuna hata kuchota karata kwa zamu. Pia si vita vya kujiendesha vya kweli kama Dota Auto Chess. Iko katikati, na hiyo ndiyo sababu watu hawajui wanalaumu nini wakifa.

#8 Mchanga_Karata

@Mtalii254 karibu kaka. Sahihisho dogo la tarehe: Loop Hero ilitoka Machi 4, 2021 kwa kompyuta, ikifuatiwa na Switch Desemba mwaka huo huo. Watengenezaji ni Four Quarters wa Urusi, mchapishaji ni Devolver Digital. Mbegu yake ni ya nyuma zaidi, Oktoba 2019, kwenye mashindano ya Ludum Dare ya 45 ambayo mada yake ilikuwa "anza bila chochote". Ukiujua mwanzo huo, ile ramani tupu na giza la mwanzo vinakuwa na maana.

Kuhusu jina, nakuachia wengine.

#9 Nyota_ya_Pwani

Mtalii254 ana hoja nusu. Tofauti na Slay the Spire, gemu nyingine ya karata, iko hivi, na ndiyo inayowapoteza wanaotoka kule.

Kule unaanza na karata zako zinazojulikana. Shujaa Ironclad ana 10: Strike 5, Defend 4, Bash 1. Unachota 5 kila zamu, kwa hiyo kila karata utaiona. Ukiongeza mbovu moja, itakujia tu. Ndiyo maana watu wanalipa dhahabu 75 dukani kuondoa Strike moja, na bei inapanda 25 kila wakiondoa nyingine.

Kwenye Loop Hero fungu halichotwi. Fungu ni orodha ya vitu vinavyoweza kudondoka adui akifa. Ukiweka aina nyingi, hujaongeza chaguo. Umepunguza nafasi ya kila aina kudondoka. Anayelia kwamba Oblivion haiji, aangalie amebeba aina ngapi za karata asizozihitaji. Kitasa, hiyo bahati yako uliipanga mwenyewe kambini.

#10 Kitasa

Dada Nyota umenikamata. Nabeba kila karata niliyoifungua. Mjadala uendelee, nipo nasoma.

#11 Bi_Mkubwa_wa_Gemu

Basi punguza leo leo. Na karata ya dhahabu unabeba moja tu kwenye fungu, kwa hiyo ichague kwa shujaa uliyemchukua. Arsenal inaongeza nafasi moja ya zana. Ancestral Crypt inafuta uhai unaotokana na deraya, na badala yake kila adui mwenye roho anayekufa anakuongezea uhai wa juu kidogo kidogo. Ukiibeba hiyo halafu ukajaza makaburi na mifupa, umejinyima chakula.

#12 Jabali

Turudi kwenye ramani. Watu wanasifia milima bila kueleza gharama.

Rock na Mountain zinaongeza uhai wa juu, na zaidi zikigusana. Ukizipanga mraba wa 3 kwa 3, vigae 9, zinageuka kilele cha mlima, na uhai unaruka. Hapo kuna mambo mawili:

Kilele kinaleta harpi, ndege wenye sura ya mtu, wanaotua popote njiani, hata mahali ulipopaacha patupu makusudi. Na ukifikisha Rock na Mountain 10, kambi ya goblini inajitokeza yenyewe. Ukifikisha 20, nyingine. Goblini wa mzunguko wa kwanza wanaua wageni kuliko adui mwingine yeyote wa sura ya kwanza ya gemu.

Kwa hiyo hesabu yangu: weka 9, ujenge kilele, simama. Ya 10 usiiweke hadi uwe na Oblivion mkononi. Ikizaliwa kambi, ifute palepale kabla haijatoa watu.

#13 Mtalii254

@Jabali jina lako na ushauri wako havilingani, jabali anayekataza majabali. Lakini kama ya 10 ni hatari, kwa nini usitumie hao goblini kama shamba la zana? Wanakufa, wanaangusha.

#14 Jabali

Inawezekana, kwa shujaa mwenye kinga ya kutosha. Kinga inakata kiasi maalumu kutoka kila pigo. Dhidi ya wengi wenye mapigo madogo, kinga ni dhahabu. Dhidi ya mmoja mwenye pigo zito, haisaidii sana. Na uharibifu wa kichawi unaipita kinga kana kwamba haipo. Ukiwa na kinga kubwa na ukajiona salama, angalia nani kwenye ramani yako anapiga kwa uchawi. Huyo ndiye atakayekumaliza.

#15 Nyota_ya_Pwani

Mnazungumza kana kwamba mashujaa wote ni Warrior. Kwa Rogue nusu ya ushauri huu ni sumu.

Rogue hapati zana vitani. Anakusanya ngawira za maadui, na akifika motoni zinabadilishwa kuwa zana zote kwa mkupuo. Kwa hiyo anataka maadui wengi kila mzunguko. Ukimwekea Road Lantern, taa inayopunguza idadi ya maadui wanaoweza kukaa kwenye vigae vya jirani, unamfungia duka. Na kwa kuwa anavaa zana zote mara moja, mzunguko wa kwanza anautembea na alichoanza nacho. Usimjazie njia mapema, mpe Grove mbili tatu, avuke, avae, ndipo uongeze.

Silaha yake ni kasi ya mapigo. Forest na Thicket zinaongeza kasi, na Thicket inashinda Forest. River inaongeza maradufu nguvu ya kigae cha mandhari kinachopakana nayo. Mto lazima uanzie ukingoni mwa ramani, halafu unaurefusha kigae kwa kigae. Kosa la kawaida ni kuunyoosha kama barabara. Upindishe kushoto kulia, ili kila Thicket iguse mto pande mbili badala ya upande mmoja. Kabla ya kuweka hata kigae kimoja cha mto, chora kichwani utapita wapi, kwani ukishajibana kwenye kona huendi tena.

Na tafadhali msiweke milima kwenye fungu la Rogue pamoja na mito. Mito haitoshi kwa vyote viwili, na kila mlima ni nafasi ambayo Thicket ingekaa.

#16 Mchanga_Karata

Hili la mto nalipigia mstari. Naongeza: mandhari yote haya nayo yanajaza kipimo cha bosi. Rogue anayejenga msitu mkubwa mzunguko wa 3 anamwita bosi mzunguko wa 4. Kasi anayo, zana hana.

#17 Nyota_ya_Pwani

Na ndiyo raha yake. Rogue mwenye msitu kamili akikutana na bosi mapema ana nafasi kuliko akichelewa, kwa sababu bosi naye hukua na mizunguko. Wewe unaona kuharakisha ni kosa, mimi naona ni mbinu.

#18 Mchanga_Karata

Hapo hatutakubaliana, dada. Kwa Warrior naendelea kusema subira.

#19 Mlinzi_wa_Kambi

Salaam. Mnasahau kitu kinachoua wengi kuliko karata na zana: tamaa. Sheria ya kuondoka ni hii. Ukirudi kambini ukiwa umesimama kwenye kigae cha moto, unabeba rasilimali asilimia 100. Ukijiondoa katikati ya njia, asilimia 60. Ukifa, asilimia 30.

Chukua mfano. Uko motoni na rasilimali 100. Mzunguko mmoja zaidi utakupa kama 20. Ukifanikiwa una 120. Ukifa njiani ukiwa na kama 110, unabaki na 33. Hesabu ya kusawazisha: 120 kutoa 33 ni 87, na 20 kwa 87 ni karibu 0.23. Maana yake, nafasi yako ya kufa ikizidi asilimia 23, kuondoka sasa kunalipa kuliko kuendelea. Mtu anayeona robo ya uhai inapotea kila pigano, yuko juu ya hapo tayari.

#20 Bi_Mkubwa_wa_Gemu

Hesabu nzuri baba, ila umeruka mlango wa katikati. Mchezaji aliye macho hafi, anajiondoa mapema kwa asilimia 60. Hapo 110 inakuwa 66, si 33. 120 kutoa 66 ni 54, na 20 kwa 54 ni 0.37. Kwa hiyo kizingiti kinapanda hadi asilimia 37. Tofauti kati ya 23 na 37 ni mchezaji kuangalia skrini, basi.

#21 Mlinzi_wa_Kambi

Nakubali sahihisho. Nitaongeza sharti: hiyo 37 ni kama hatari inaonekana ikija. Kigae kilicho karibu na Vampire Mansion, jumba la mnyonya damu, kinaongezewa adui mwingine vita inapoanza. Pigano la aina hiyo halikupi nafasi ya kufikiria.

#22 Fundi_Simu

Jumba hilo hilo lina faida msiyoitaja. Likikaa ubavuni mwa Village, kijiji kinavamiwa na kuwa magofu yenye mizuka mibaya kwa mizunguko 3. Ukivumilia hiyo mitatu, kinageuka Count's Land, na uponyaji wake unazidi wa kijiji cha kawaida kwa mbali. Hatua: weka kijiji mzunguko wa 1 au 2, jumba mara tu unapolipata, maadui wa magofu wakiwa bado wepesi. Ukilifanya mzunguko wa 6 unakufa ukisubiri.

Angalia pia idadi. Ukiweka vijiji viwili, kambi ya majambazi inajitokeza. Kwa hiyo kijiji kimoja kilichobadilika kinaweza kuwa bora kuliko viwili vya kawaida.

#23 Kitasa

Swali la mwanafunzi: vitu vya hatari viwekwe kabla ya moto au baada ya moto?

#24 Jabali

Kabla. Shujaa akitoka salama anaingia motoni, anapona, na pale pale unaamua kubaki au kuondoka na asilimia 100 ukiwa umeshavuna kila kitu.

#25 Nyota_ya_Pwani

Baada. Anatoka motoni amepona, anakutana na wagumu akiwa na uhai mwingi, na njia iliyobaki inakuwa ya kupumulia na kuvaa. Ukiwaweka kabla, anawafikia akiwa ameshachoshwa na mzunguko mzima.

#26 Jabali

Anachoshwa na nini kama njia nyingine umeiacha tupu? Kigae kitupu kina nafasi ya asilimia 5 tu ya kuzaa adui aitwaye ute kwa siku.

#27 Nyota_ya_Pwani

Na harpi zako za kilele? Zinatua popote, ulisema mwenyewe #12.

#28 Mtalii254

Hapo Jabali ameangukiwa na jabali lake.

#29 Mlinzi_wa_Kambi

Nyote mnaweza kuwa sahihi kwa mashujaa tofauti. Rogue anayesubiri kubadilisha ngawira motoni anafaidi kuvuna mwishoni mwa njia. Warrior anayeokota zana vitani anafaidi kuzipata mapema ili azitumie njia nzima. Necromancer hajali sana.

#30 Mchanga_Karata

Necromancer hajali kwa sababu hapigani. Hajatajwa hadi posti ya 29, nashangaa, maana wengi wanamwona ndiye mwenye nguvu kuliko wote watatu.

Kwa wasiomfungua: jengeni Crypt kambini. Rogue anafunguliwa na Refuge. Necromancer anaita viunzi vya mifupa vimpiganie. Sifa za kuangalia kwake ni nne: idadi ya juu ya viunzi, kiwango chao, ubora wa kuita na kasi ya mapigo, kwa sababu kwake kasi ndiyo kasi ya kuita. Hirizi inampa uhai wa kichawi unaoliwa kabla ya uhai wake wa kweli.

Kosa kubwa ni kujaza idadi ya viunzi na kusahau kasi. Mwenye nafasi sita asiyeweza kuziba pengo viunzi vinapovunjika ni sawa na mwenye nafasi mbili.

#31 Bi_Mkubwa_wa_Gemu

Mimi naona kwa huyo, kiwango kwanza. Viunzi dhaifu vikiitwa haraka vinakufa haraka. Umewalisha maadui tu.

#32 Fundi_Simu

Kasi. Viunzi ni ngao. Kila pigo linalokula kiunzi halikukuli wewe, hata kiwe dhaifu.

#33 Bi_Mkubwa_wa_Gemu

Mbele ya adui anayepiga wote kwa pamoja hiyo ngao inapukutika kwa pigo moja, mwanangu.

#34 Mtalii254

Narudi kwenye hoja yangu kwa unyoofu zaidi. Nimesoma posti zote na naona maamuzi ni mengi kuliko nilivyodhani. Lakini tatizo langu linabaki: ukishajua hesabu hii, saa nzima inayofuata unaangalia shujaa akitembea. Super Auto Pets inakupa dhahabu 10 kila zamu, mnyama mmoja anagharimu 3, unaamua, unaona vita fupi, unaamua tena. Hapa kati ya uamuzi na uamuzi kuna kutembea kwingi. Na kambi inadai rasilimali nyingi, kwa hiyo misafara mingi inarudiwa si kwa sababu umeshindwa, bali kwa sababu jengo linalofuata halijatosha. Hilo ni kosa la muundo, halihusiani na ustadi wa mchezaji.

#35 Mchanga_Karata

Hilo la kambi siwezi kulipinga lote. Ila sehemu yake inaelezea vifo tunavyovitafuta: mtu anabaki mizunguko mitatu ya ziada kwa sababu jengo limepungukiwa kidogo. Mlinzi ameshatoa hesabu yake #19 na Bi Mkubwa #20. Jengo halikuambii uhatarishe asilimia 70 ya ulichobeba.

#36 Kitasa

Na bosi je? Lich wa sura ya kwanza ananipiga hata nikiwa na uhai kamili.

#37 Jabali

Anapotokea, kambi inazungukwa na majumba yake ya kifalme, na kila jumba linamwongezea nguvu. Hifadhi Oblivion kwa ajili ya majumba hayo, yafute kabla shujaa hajafika motoni. Hapa ndipo Oblivion za kambi ya goblini zinagongana na za bosi. Ukila zote kwa goblini, unamkabili Lich mzima.

#38 Nyota_ya_Pwani

Na ndiyo maana mimi nasema usiweke mlima wa 10 kabisa. Oblivion zote ni za bosi. Wanaofikia sura ya 4 wanakutana na mabosi Lich, Priestess na Hunter kwenye msafara mmoja kabla ya bosi Omega. Tabia ya kutumia Oblivion kusafisha makosa yako inakufunga huko.

#39 Kitasa

Nimepunguza fungu. Warrior, sura ya kwanza: Grove, Cemetery, Village, Spider Cocoon, Battlefield, Rock, Mountain, Meadow, Oblivion, na Arsenal kama ya dhahabu. Ikibidi nitoe moja ya kando ya njia, nitoe Cocoon au Battlefield?

#40 Jabali

Toa Cocoon. Battlefield inakuwekea sanduku kila mzunguko, ingawa mengine ni maadui waliojigeuza sanduku. Buibui wa kila siku ndio nilioeleza #4.

#41 Mlinzi_wa_Kambi

Toa Battlefield. Waliokufa karibu nayo wanaweza kuinuka kama mizimu, ukapigana mara mbili. Cocoon moja tu, si tatu, inakupa karata za mapema. Na hizo Meadow usizirundike pamoja: ya kawaida inaponya 2 kila siku inapoanza, lakini ikigusa kigae cha aina nyingine inachanua na kuponya 3. Kumi zilizochanua ni 30 kwa siku. Zipange kuzunguka ule mraba wako wa milima.

#42 Kitasa

Kuzunguka mraba wa 3 kwa 3 zinaingia 12 bila kuhesabu pembe. Kwa hiyo 36 kwa siku. Naanza msafara sasa hivi na Cocoon moja, iko kigae cha tatu baada ya moto. Battlefield nimeitoa.

#43 Jabali

Baada ya moto? Nyota amekushinda.